Mama Shujaa arudi, na safari hii apite Buzwagi

Mwaka 2012 televisheni iliyokuwa haikatikikatiki picha mtaani kwetu, hapa Kahama karibu na mgodi wa Buzwagi, ilikuwa moja tu. Ilikuwa ya chogo, imekaa juu ya friji la soda dukani kwa jirani yangu. Usiku ilikuwa mali ya wanaume na mpira wao. Jioni, kabla giza halijaingia, ilikuwa yetu sisi wanawake wa kikoba. Tukishamaliza kuhesabu hisa na kufunga kasha, tunasogeza mabenchi, anayenyonyesha ananyonyesha, anayechambua mlenda anachambua, macho yote yako kwenye kioo.

Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni mwanamke aliyefanana na mama yangu. Kitenge amekifunga kiunoni kama tunavyokifunga sisi, visigino vimepasuka, anaeleza jinsi anavyochagua mbegu. Hakuwa anaigiza tamthilia wala kutangaza sabuni. Alikuwa anaeleza kazi yake, na mtangazaji ameinama anamsikiliza.

Kipindi hicho kilikuwa Mama Shujaa wa Chakula. Shirika la Oxfam lilianzisha shindano hilo hapa Tanzania mwaka 2011, na mshindi wa kwanza akawa Ester Jerome Mtegule, mkulima wa Dodoma. Mwaka uliofuata wakaliingiza kwenye televisheni. Wanawake wazalishaji wadogo, wakulima, wafugaji na wavuvi, wakakaa pamoja katika kijiji cha Maisha Plus, kile kipindi cha Masoud Kipanya ambacho vijana walikuwa wakikifuata sana. Taji likaenda Dodoma tena, kwa Martha Waziri, mwanamke aliyeipa uhai ardhi iliyokuwa imeliwa na mmomonyoko. Sisi wa Kahama, tunaoijua ardhi ya mfinyanzi inayoshika maji, tulibishana jioni nzima tukijiuliza mtu analifufuaje korongo.

Siku moja muuza michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) wa kwetu, mama aliyekuwa anakaa benchi la mwisho na hazungumzi sana, aliniuliza: “Mwalimu, kumbe hata hii kazi yetu inapigwa picha?”

Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani na swali lile, kwa sababu lilinigusa mahali ambapo yeye hakujua.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 27. Kila Januari tulikuwa tunajaza taarifa za watoto wapya, na palikuwa na mstari wa kazi ya baba na mstari wa kazi ya mama. Mzazi akiniambia “mama yupo tu nyumbani,” nilikuwa naandika: mama wa nyumbani. Niliandika hivyo kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, kwa wanawake niliokuwa nakutana nao saa kumi na moja alfajiri wakienda kwenye majaruba na jembe begani na mtoto mgongoni. Mama yangu mwenyewe alilima mpunga tangu nikiwa mtoto hadi mgongo ulipokataa. Mpunga huo ndio ulionilipia ada na kuninunulia sare. Na katika fomu yangu ya kujiunga na chuo cha ualimu, kwenye mstari wake, niliandika neno moja: hana. Niliandika kwamba mama yangu hana kazi.

Januari 2013 nilianza kuandika “mkulima”. Baba mmoja alinisahihisha: “Mwalimu, mkulima ni mimi.” Nikamjibu, “Shikamoo mzee, mko wawili basi.” Nikaandika wote wawili. Sijui kama ofisini kuna aliyeona tofauti, lakini mimi niliiona.

Miaka ya baadaye nilisoma habari za kipindi cha zamani cha Marekani kilichoitwa Queen for a Day, yaani malkia wa siku moja. Kilianzia redioni mwaka 1945, kikahamia kwenye televisheni, na kikaonyeshwa mchana hadi mwaka 1964. Mtangazaji wake aliyejulikana zaidi, Jack Bailey, aliwaita wanawake wa kawaida waeleze shida zao mbele ya watu: mume mgonjwa, mtoto asiyetembea, deni la nyumba. Kisha hadhira ilipiga makofi na kifaa maalumu kikapima sauti. Aliyepigiwa makofi mengi zaidi ndiye aliyevikwa joho la kifahari na taji, akapewa alichoomba pamoja na vifaa vya nyumbani. Wengine walirudi na zawadi ndogo na shida zao zilezile.

Siwadharau wanawake wale hata kidogo. Mama mwenye mtoto mgonjwa ataenda popote penye msaada, awe Marekani au Nyandekwa ya hapa Kahama. Lakini mzani ule ulipima machozi, na ukipima machozi unamfundisha mwanamke kwamba thamani yake iko kwenye yaliyompata. Mama Shujaa wa Chakula kilimuuliza swali jingine: unafanya nini, na unakifanyaje? Unavuna gunia ngapi kwa eka, unahifadhije, shamba ni la nani? Maswali hayo ni ya heshima, kwa sababu ukiulizwa unajua unahesabiwa kuwa fundi wa jambo fulani.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu naona televisheni zetu sasa zinarudi kwenye mzani wa machozi. Mjane anapelekewa mfuko wa unga, na kamera inasogezwa usoni mwake mpaka alie. Mwanamke mwingine anaitwa studio agombane na mwenzake kwa ajili ya mume. Watoto wetu wa kike wanaangalia hayo mchana kutwa wakati wa likizo.

Katika yote tuliyoyaona kwenye Mama Shujaa, jambo la ardhi ndilo lililokaa kwetu muda mrefu zaidi. Ndani ya kijiji cha Maisha Plus akina mama walikuwa wanazungumza wazi nani anamiliki shamba wanalolilima, na sisi dukani tukawa tunazungumza hilohilo. Nikaleta darasa langu kwenye benchi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Wengi hawakuwa wameisikia. Mama yangu alipofiwa na baba hakukuwa na wa kumwambia lolote. Ndugu wa marehemu walikuja na kamba na mambo za miti, wakapima, wakamwachia kipande kilichokuwa kinatuama maji mpaka mpunga unaoza. Muuza michembe, yule aliyeniuliza swali, alifunga safari hadi kijijini kwao kumwona mtendaji na kuulizia hati ya hakimiliki ya kimila. Ilimchukua misimu miwili. Hati anayo, ameifunga kwenye nailoni ndani ya sanduku la nguo.

Baada ya hapo maisha yakageuka. Mgodi wa Buzwagi ulikuwa umefunguliwa mwaka 2009, na kwa zaidi ya miaka kumi wanawake wengi wa Mwendakulima na Mwime waliishi kwa kupika, kufua na kupangisha vyumba kwa wafanyakazi. Uchimbaji ulipokoma, na uzalishaji ukafikia mwisho mwaka 2021, masufuria yalipungua jikoni. Sasa eneo linaandaliwa kuwa la viwanda, na naombea liwe hivyo kweli. Lakini wanawake hawakungoja viwanda. Masika wako kwenye majaruba. Kiangazi utawakuta kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu wakiponda mawe kwa nyundo, wakichekecha, wakibeba ndoo za maji kwa wanaume wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Huko Geita wapo waliochambua magwangala kwa mikono, wakitafuta punje ya dhahabu kwenye mawe yaliyotupwa. Wengine wameshika zebaki kwa viganja vitupu kwa sababu hakuna aliyewaambia inafanya nini mwilini. Chama cha wachimbaji wanawake, TAWOMA, kipo tangu 1997, lakini ni wanawake wangapi wa mwaloni waliowahi kumwona mwenzao mwenye leseni akihojiwa kama mtaalamu?

Mwanamke wa ukanda huu ana kazi mbili kwa mwaka mmoja na fomu bado inamwita mama wa nyumbani.

Kwa miaka kadhaa sasa sijakiona kipindi kile, nami nataka kirudi. Sisemi kilikuwa hakina dosari. Kura za simu zilimpendelea mwenye ndugu wengi mjini na salio la kutosha. Mshindi alikuwa mmoja, na kumtoa mama shambani wiki kadhaa akaishi kwenye kambi si jambo jepesi kwa mwenye watoto wadogo. Wapo pia wanaosema shindano halibadilishi maisha ya mamilioni. Nawajibu kwamba lilibadilisha mstari mmoja kwenye daftari langu na hati moja kwenye sanduku la muuza michembe, na sisi tulikuwa benchi moja tu la nchi nzima.

Safari hii kamera iwafuate wao waliko. TBC ni televisheni ya umma na ina kila sababu ya kuanza. Washiriki wachaguliwe kwenye mkutano wa kijiji, mahali ambapo kila mtu anajua nani analima na nani anajionyesha. Ongezeni mwanamke wa mwaloni pamoja na mkulima, kwa sababu kwetu mara nyingi ni mtu yuleyule. Halmashauri zetu zina asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, basi kipindi kioneshe kikundi kimekopaje, kimenunua nini, kimerejeshaje, ili wengine wajifunze kwa macho. Zawadi iwe kupimiwa shamba na kupewa hati kwa jina lake, halafu mashine ya kukoboa. Na akilia kwa furaha, mwacheni alie, kamera igeukie mpunga.

Mama yangu alishatangulia. Muuza michembe yupo, mwaka huu amelima eka tatu, na ukimsalimia kwa Kisukuma “mwadila mayu” atakukaribisha kabla hajakuuliza umetoka wapi. Mpunga wa huku huanza kuvunwa Mei. Wenye kamera, njooni mwezi huo.