Mita haitakupa omu 5,000

Valvu zimeshatolewa kwenye karakana za vyuo vyetu vya ufundi, na kwa hilo sigombi na mtu. Ninachogombea mimi, niliyefundisha redio mpaka nikastaafu, ni hesabu iliyotupwa pamoja nazo: mzigo wa moduleta, yaani amplifaya inayopachika sauti kwenye wimbi la redio. Waendesha redio wa ridhaa wanaorusha AM kwa valvu wanaipiga mpaka leo.

Chukua valvu ya mwisho ya mtambo, inayosukuma nguvu kwenye antena. Anodi imepewa volti 500, inakula miliampia 100. Gawa, unapata omu 5,000. Huo ndio mzigo unaoikabili moduleta, na mwanafunzi akiutafuta kwa mita atahangaika bure, maana ndani ya sanduku hamna rezista ya omu 5,000. Akipima transfoma inayounganisha moduleta na anodi hiyo atasoma ukinzani wa waya wa shaba tu, na wapo wanaoiandika namba hiyo kama jibu. Kanuni ya Ohm waliikariri sekondari. Hapa sasa lazima waielewe.

Tuendelee. Wati zinazoingia ni 50, na ili sauti ijaze wimbi kwa asilimia 100 zinatakiwa wati 25 za sauti. Kwenye moduleta, valvu mbili za aina ya 6L6 zinazopokezana, kwa volti 360, hutoa wati 26.5, ila zipewe omu 6,600 kutoka anodi hadi anodi. Gawa 6,600 kwa 5,000, tafuta kipeuo cha pili: 1.15. Ndio uwiano wa mizunguko ya transfoma. (Ziada ya wati moja na nusu ni ndogo, na transfoma nayo inakula chake. Mimi ningeweka valvu kubwa zaidi.)

Tena namba hiyo haitulii. Mkondo ukishuka hadi miliampia 80, omu zinakuwa 6,250 bila waya wowote kuguswa. Valvu ya mwisho ikizimika mtu akiwa anaongea, mzigo unatoweka, volti zinapaa, cheche inatoboa transfoma.

Nitaambiwa simu ya leo haina anodi. Sawa, lakini nendeni harusini. Kijana anaunganisha spika nne za omu 8 sambamba, amplifaya inabaki na omu 2, inaungua kabla keki haijakatwa, na lawama zote inatupiwa jenereta.

Sidai volti 500 ziwekwe mbele ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, zinaua. Ubao, chaki na jedwali la 6L6 vinatosha, kwa kipindi kimoja.