Vitamini A bila protini ni mzigo bila hamali

Mama akiambiwa kwamba mwanawe amepungukiwa na vitamini A, hukimbilia karoti. Si kosa, lakini ni nusu tu ya dawa, na nusu inayosahauliwa inaweza kumgharimu mtoto macho yake.

Vitamini A tunayopata katika karoti, maembe, maini au sukumawiki iliyokaangwa kwa mafuta huhifadhiwa kwa wingi katika ini. Kutoka huko sharti ifike machoni na kwenye ngozi. Taabu ni kwamba haiyeyuki katika maji, kwa hivyo haiwezi kusafiri peke yake katika damu. Ini hutengeneza protini maalumu ya kuibeba. Protini hiyo ni ndogo, na ingechujwa na figo ikapotelea kwenye mkojo kama isingeshikamana na protini nyingine iliyo kubwa zaidi.

Sasa, ini litatengeneza nini ikiwa chakula hakina protini wala madini ya zinki? Mtoto anayeshindia uji mtupu anaweza kuwa na vitamini A katika ini huku macho yake yakiikosa. Ni kama magunia ya viazi yaliyorundikwa katika soko la Wakulima, Nairobi, siku ambayo hakuna hamali. Madaktari wamewaona watoto wenye kwashiakoo ambao vitamini A katika damu yao ilipanda baada ya kulishwa protini, hata kabla ya kuongezewa vitamini yenyewe.

Sisemi matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki yaachwe. La hasha! Kila mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ayapate kila baada ya miezi 6. Ninachopinga ni mtindo wa kumpa mtoto matone na kumrudisha nyumbani bila kumwuliza mama kuna nini sufuriani.

Nyama ni ghali, nakubali. Lakini maharagwe, ndengu, omena, yai au kikombe cha maziwa pia ni protini. Wauguzi waseme hivyo kila wanapotoa matone.

Nawe mzazi, ukimwona mtoto akijikwaa kila giza linapoingia, usingoje. Mpeleke hospitali mara moja. Wala usimnunulie vidonge kiholela, kwani vitamini A ikizidi huharibu ini lile lile linaloihifadhi.