Tuwarekodi wazee hawa wangali hai

Kwa miaka mingi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mjini Mombasa. Hati za kiapo zilizopita mikononi mwangu zilinifunza kwamba mahakama humsikiliza mtu kwa kile inachokihitaji tu. Maisha yake mengine hubaki nje. Sasa nimestaafu, na ninayarekodi hayo yaliyobaki nje, kutoka kwa wazee wetu wanaopenda watu wa jinsia yao.

Mmoja wao ni fundi cherehani. Ameniruhusu kusema haya machache bila kutaja jina wala mtaa. Aliishi na mwenzake zaidi ya miaka ishirini, majirani wakijua ni binamu yake. Mwenzake alipofariki, ndugu wa marehemu walikuja wakachukua kitanda, redio, hata kanzu alizomshonea kwa mkono wake. Hakudai kitu. "Ningedai kama nani, dadangu?" aliniuliza. Sijaona hukumu yoyote yenye jibu la swali hilo.

Sheria yenyewe haijatulia. Kifungu cha 162 cha Kanuni za Adhabu, tulichoachiwa na Mwingereza, kingali na adhabu ya hadi miaka 14 jela kwa ngono inayoitwa kinyume cha maumbile. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha mtuhumiwa kupimwa sehemu za siri ili kutafuta ushahidi. Mei 2019 Mahakama Kuu ikakataa kukifuta kifungu hicho. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikaamua kwamba kukataa kulisajili shirika linalowatetea watu hawa ni ubaguzi.

Magazeti yaliuita uamuzi huo ushindi. Fundi yeye anaukumbuka mwaka huo kwa maandamano ya kuwapinga yaliyopita mitaa ya Mombasa: alifunga kibanda akaenda kulala kwa dada yake. Mambo kama haya hayamo kwenye majalada ya korti, na akifa nayo yatazikwa.

Kwa kuwa sheria inayolegea leo huenda ikakaza kesho, rekodi ni mali ya msimulizi. Kabla sijawasha kinasa sauti tunaandikiana: jina litajwe au lisitajwe, sauti isikike au yasomwe maandishi tu, na ni lini watu waruhusiwe kuisikiliza. Fundi amechagua baada ya kifo chake. Anayerekodi bila makubaliano hayo anamtia msimulizi hatarini, na ni heri aache.

Kukubali kwamba Mkenya huyu aliishi, akapenda na akafiwa hakumlazimu mtu kuacha dini yake. Nazisihi maktaba za vyuo vikuu vyetu zizipokee rekodi hizi na kuzitunza kwa siri iliyoahidiwa. Na wewe msomaji, ikiwa kwenu yuko mjomba au shangazi ambaye maisha yake hayazungumzwi, kaa naye umsikilize, na akiridhia, yaandike.