Tupime Mawimbi Kabla ya Kununua Ruta Nyingine

Mtandao usiotumia waya unaposuasua shuleni, shauri linalotolewa upesi ni kununua ruta nyingine, au kuipandisha nguvu ile iliyopo. Kwa maoni yangu, shauri hilo mara nyingi huipotezea shule fedha na kuzidisha tatizo lenyewe.

Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Katika masafa hayo chaneli zimeachana kwa megahezi 5 tu, ilhali mawimbi ya ruta moja hujaza megahezi 20 hivi. Ndiyo sababu katika chaneli 11 za kwanza ni tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Tena, ruta imeundwa isikilize kabla ya kutuma. Ikisikia jirani yake anatuma katika chaneli ileile, hungoja. Kwa hiyo ruta nne zinazosikiana katika chaneli moja hazimwongezei mwanafunzi mwendo mara nne. Hupokezana zamu, kama wasemaji wanne wenye kipaza sauti kimoja.

Jambo hili laweza kuchunguzwa na wanafunzi wenyewe. Kwa kawaida kila ruta hutangaza jina lake na chaneli yake mara 10 hivi kwa sekunde, na zipo programu za bure za simu na kompyuta zinazoonyesha nguvu ya kila tangazo linalosikika. Kipimo chake huandikwa dBm. Sifuri ni miliwati 1, na kila tukishuka kwa 10 nguvu hubaki sehemu moja ya kumi. Basi −40 ni sehemu moja ya elfu kumi ya miliwati, na −70 ni sehemu moja ya milioni kumi. Tofauti ya 3 tu ni takriban nusu. (Logariti, zinazowachosha wengi darasani, hapa zimepata kazi.)

Wanafunzi wasimame karibu na kila ruta, waandike katika jedwali ni jirani zipi zinazosikika hapo, katika chaneli gani na kwa nguvu kiasi gani. Watumie simu ileile moja, kwa kuwa simu mbili mahali pamoja huweza kutoa hesabu tofauti, na wachukue wastani wa vipimo kadhaa. Wapime darasa likiwa tupu, kisha likiwa limejaa, maana mwili wa binadamu nao humeza mawimbi haya.

Ruta mbili zikisikiana kwa nguvu katika chaneli moja, mojawapo ihamishwe chaneli, au zote zipunguzwe nguvu. Watu huogopa kupunguza. Lakini simu aghalabu hutuma kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Ruta ikipaza sauti mno, simu iliyo mbali huisikia vizuri nayo haisikiki, na mwanafunzi hushangaa kuona alama zote za mawimbi ilhali ukurasa haufunguki.

Ikiwa hata kompyuta iliyounganishwa kwa waya inakwenda polepole, basi huenda kosa si la mawimbi ya ruta. Aulizwe anayeiuzia shule intaneti. Na jedwali libandikwe ofisini, ili mwuzaji wa ruta akija aonyeshwe hilo kwanza.