Wa Kwanza, Halafu?
Kanisa hupenda kutukumbusha kwamba Samuel Ajayi Crowther ndiye Mwafrika wa kwanza kufanywa askofu wa Anglikana, 1864. Sawa, lakini malizieni hadithi. Huyu Myoruba aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akaja kuongoza tafsiri ya Biblia kwa Kiyoruba, akajenga misheni ya Mto Niger na makasisi Waafrika. 1890, vijana wamishonari kutoka Uingereza, rika la wajukuu wake, wakawasimamisha kazi makasisi hao yeye akiwepo. Mzee wa miaka kama 80! Alifariki 1891, kiti kikapewa Mzungu. Toba ya Canterbury ilifika 2014. Mkitusifia “wa kwanza”, tuambieni pia mlimfanyia nini.