Mbwa wa Asiyeona na Teksi ya Mwenzetu

Ndugu zangu, hoja hii itawaudhi baadhi yenu, lakini acha niiseme.

Mwezi uliopita nilitoka zamu ya usiku hapa Uingereza, nikamkuta mama mmoja asiyeona kasimama mvuani nje ya hospitali, na mbwa wake wa kumwongoza. Teksi ya kwanza ilimwona mbwa ikaondoka. Dereva wa pili alikuwa mwenzetu, mtu wa Pwani kabisa. Nilipomsogelea akasema, "Dada yangu, mimi naswali. Mbwa ni najisi." Naye akaondoka. Nilikuwa nimechoka, sikumjibu. Namjibu leo.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamlazimu dereva wa teksi kumchukua abiria mwenye mbwa wa msaada, bila kumtoza nyongeza. Akikataa, faini yaweza kufika pauni 1,000. Anayesamehewa ni mwenye sababu ya kiafya, kama pumu au aleji kali, tena awe na cheti cha halmashauri. Imani haimo.

Mtasema sheria ya Wazungu. Haya, tuje kwetu. Wengi wetu ni Mashafii, nami nimelelewa hivyo hivyo: mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini najisi huhama kwa unyevu. Mbwa mkavu aliyelala miguuni pa bwana wake kiti cha nyuma, amekugusa wapi wewe uliyeshika usukani? Na akiwa ameloa, kama siku ile, tandika blanketi kuukuu ulifue baadaye. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona kuja na mbwa wake, baada ya Baraza la Sharia la Waislamu kuafiki. Mbwa alitengewa mahali pa kungojea, mbali na pa kuswalia. Msikiti umeweza, teksi inashindwa nini?

Sisemi mwenye mbwa apite popote. Mimi mwenyewe siwezi kumkubali chumba cha upasuaji, wala kwa wagonjwa wa kuungua moto. Kliniki akikaa mgonjwa wa pumu karibu na mbwa, nawatenganisha, mmoja huku na mmoja kule, simfukuzi yeyote. Na wapo wanaoharibu: Marekani watu walipanda ndege na wanyama wa kila aina eti wa kuwafariji, hadi kanuni mpya za 2021 zikaruhusu mashirika kuwakataa. Hao wamewaponza wanaohitaji kweli. Lakini mama yule hakubeba mbwa wa mapambo. Mbwa ndiye macho yake, na macho hayaachwi nyumbani.

Kaka, kama una pumu, muone daktari wako, kisha uombe cheti halmashauri. Kama huna, weka blanketi kwenye buti. Mama yule ana kliniki tena mwezi ujao.