Pikapu Yangu, Gari ya Shehia Nzima

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usafiri wa barabarani,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

YAH: NAFASI YA PIKAPU ZA VIJIJINI PEMBA KATIKA KANUNI ZA USAFIRI

Mheshimiwa Waziri,



Naandika kutoka Mtambwe, Wilaya ya Wete. Ninayo Hilux ya dabo kebini, mtumba wa Japani, ambayo kadi yake ina jina langu peke yangu. Bima nalipa mimi, mafuta natia mimi, na tairi ikipasuka njia ya Gando anayeingia chini na jeki ni mimi. Lakini simamisha mtu yeyote hapa kijijini umuulize gari hii ni ya nani, atakwambia ni yetu. Hasemi uongo. Naandika kwa sababu hakuna daftari la serikali linalolijua jambo hilo, na karibu kila usumbufu nitakaokutajia unaanzia hapo.

Mtu wa mjini hununua pikapu, akapakia simenti yake, akaifunika turubali, akalala. Huku hailali. Hodi ya kwanza huweza kuja kabla ya adhana ya alfajiri: mwanamke kashikwa na uchungu, na gari za njia hazijaanza kutembea. Jua likichomoza anakuja mwenye mbao. Adhuhuri ni mwalimu wa madrasa, ana mabati ya kupeleka ng'ambo ya bonde. Ijumaa ni wazee wanaokwenda kuzuru. Na ukisikia mtu anabisha taratibu sana, anaita jina lako kamili na kukuulizia hali ya watoto mmoja mmoja, jua kuna samani za kuhamisha.

Harusi nazo zina msimu wake. Kitanda, godoro, kabati la vioo na mazulia ya biharusi vinapangwa nyuma, na juu ya vitu hivyo wanapanda kinamama na vigelegele vyao. Maziko hayana msimu. Anayefia nyumbani tunambeba mabegani mpaka makaburini kama walivyobebwa wazee wetu, ila aliyefia hospitali ya Chake Chake au Abdalla Mzee kule Mkoani sharti arudishwe kwao leo hii, na jamaa wa kumzika wapelekwe nao. Hapo hakuna wa kumuuliza mwenye gari kama ana nafasi. Na mimi mwenyewe sitaki niulizwe.

Kukaa kwenyewe kuna itifaki yake. Mbele ni wazee, mjamzito, na mgeni akiwapo. Kiti cha nyuma cha kebini ni kinamama wenye watoto. Waliobaki wote ni kwenye bodi, wamekaa juu ya polo, wameshika chuma. Hakuna aliyeandika utaratibu huu na sijaona mtu akiuvunja.

Malipo ni dua. Siidharau dua, Mheshimiwa, nimeishi kwa dua za watu, lakini kituo cha mafuta hakiipokei. ZURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, ikitangaza bei mpya za mwezi, mimi huzisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe, kisha jirani anakuja na fenesi moja la shukurani. Nimlipishe? Nikipokea hata shilingi elfu mbili za mafuta, kwa macho ya sheria nimekwisha kuwa mfanyabiashara wa kubeba abiria bila leseni ya njia. Nisipopokea, ninamfilisi mke wangu. Basi napokea fenesi.

Kisiwa chetu, unajua, kina sura mbili. Magharibi ni vilima, udongo mzito na mikarafuu. Mashariki, upande wa Micheweni, ni mawe, mwani na kokoto. Sisi wenye pikapu ndio tunaozikutanisha sura hizo, na kila upande una namna yake ya kuila gari. Udongo wetu mwekundu masika hugeuka uji, na gari iliyopakia, bila ya magurudumu yote manne kuvuta, huteleza na kuvuka njia kwa ubavu. Kokoto huvunja springi. Mwani ndio mbaya kuliko yote: ukipakiwa haujakauka vizuri hutiririsha maji ya bahari kwenye kila kiungo cha bodi, na kutu haingoji mwaka. Mwenye pikapu aliyebeba mwani au dagaa wa Tumbe na asiioshe gari kwa maji matamu usiku uleule, asije kumlaumu fundi.

Fundi mwenyewe tunaye, tena hodari. Spea ndizo hatuna. Bushi, klachi, boljointi, shokapu, vyote aghalabu huagizwa Unguja, au Kariakoo ya Dar es Salaam, vikaja kwa meli katika mfuko wa plastiki ulioandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito. Bahari ya kusi ikichafuka, mfuko nao unangoja. Wakati huo gari imekaa juu ya mawe uani, na hodi hazikukatika: "Bado tu, ami?"

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni msimu wa karafuu.

Dhoruba ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo inayolibeba zao hili. Watu wengi huifahamu karafuu pale inapofikishwa ZSTC, shirika la serikali linaloinunua, imekauka, inapimwa. Kabla ya hapo ina safari nyingine isiyotajwa. Wachumaji lazima wafike shambani mapema, na mashamba mengi yako ndani, ambako gari ya njia haiingii. Jioni karafuu mbichi inatolewa bondeni kwa polo, wachumaji wakiwa juu yake, kwenda kuchambuliwa makonyo na kupimwa pishi ili kila mmoja ajue chake. Kisha huanikwa majamvini. Wingu likitanda mchana, aliyeanika mbali na nyumbani anahitaji gari sasa hivi, si saa kumi, kwa sababu karafuu iliyonyeshewa hupoteza rangi, na ikipoteza rangi imeshuka daraja na bei. Safari zote hizo hufanywa na pikapu, watu na mzigo pamoja.

Katika safari moja kama hiyo nilisimamishwa na askari wa barabarani. Alizunguka nyuma, akawatazama wachumaji waliojikunyata juu ya magunia, kisha akarudi dirishani.

"Ami, gari hii imeandikwa ya mizigo. Hawa nao ni mzigo?"

Sikuwa na jawabu, kwa sababu hakukosea. Nililipa faini. Wachumaji wakateremka wakamalizia njia kwa miguu, wanawake wengi wao, na giza lilikuwa limekwisha ingia. Sheria ilifuatwa kikamilifu siku ile. Nilipotazama kwenye kioo nikawaona wametandaa barabarani, bila taa, gari nyingine zikiwapita kwa kasi, nikajiuliza ni wapi hasa walikuwa na usalama zaidi.

Mheshimiwa, sitaki unielewe kuwa natetea kupakia ovyo. Hakuna Mpemba anayehitaji kuelezwa chombo kilichopakia kupita uwezo wake hufanya nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, Mv Spice Islander ilizama ikija kwetu, na ziko nyumba katika wilaya hii ambazo mpaka leo zinaitaja tarehe hiyo kwa sauti ya chini. Naogopa kuona vijana wameketi ukingoni mwa bodi, mguu nje, kwenye matuta ya njia kuu. Naogopa zaidi kitu kisichoonekana: mtu aliyeketi nyuma ya gari iliyokatiwa bima ya mizigo akianguka akavunjika, bima ina kila sababu ya kumkataa. Yeye atabaki na mguu wake, mimi na deni, na kijiji na ugomvi wa familia mbili.

Ila marufuku iliyopo haiwashushi watu hao garini. Inawafanya wasionekane tu. Tunapita njia za ndani, tunasafiri usiku, tunafunika turubali, na kila moja katika hayo ni hatari kuliko kupita mchana barabara kuu kwa kibali.

Tena hatuombi jambo geni. Itazame gari ya 606 inayokwenda baina ya Chake na Wete, au 603 ya Mkoani. Vizazi vya Wapemba vimesafiri katika gari za namna hiyo, na nyingi kati yake ni nini, kama si pikapu na gari ndogo za mizigo zilizoezekwa mbao na kutiwa mabao mawili yanayotazamana? Kilichozifanya halali ni kwamba serikali ilizikagua, ikazipa namba, ikasema zibebe wangapi na zipite wapi. Bodaboda nazo zilifukuzwa miaka mingi hapa Zanzibar kabla ya serikali kukubali kwamba zipo, ikazisajili na kuzitilia masharti. Na upande wa afya wametangulia kabisa: mpango wa m-mama, kwa simu ya bure ya 115, huwatumia madereva wa jamii wenye gari zao wenyewe kuwafikisha hospitali wajawazito na watoto wachanga pale gari ya wagonjwa inapokosekana, na madereva hao hulipwa. Maana yake serikali inaijua pikapu ya kijiji usiku, mwanamke anapojifungua. Asubuhi ikikutana nayo barabarani haiijui.

Ninachokuomba ni kibali cha shehia. Sheha anazijua gari zote za eneo lake na anawajua madereva wake kwa baba na babu zao, basi aanze yeye kuzipendekeza. Gari ikaguliwe breki, tairi na taa. Bodi ifungwe mabao kwa boliti, si viti vya plastiki, na uwekwe uzio wa chuma wa kufika kifuani mwa mtu aliyekaa. Idadi ya watu iandikwe ubavuni kwa rangi, kila mtu aione, pamoja na askari. Asisimame mtu. Mzigo na watu visichanganywe, isipokuwa polo za mchumaji mwenyewe, zikiwa chini na zimefungwa. Mwendo uwe wa chini, nami sitalalamika, maana barabara zetu za ndani zenyewe haziruhusu zaidi. Kibali kiwe cha safari za shamba wakati wa msimu, maziko, harusi na wagonjwa, kisiwe cha kushindana na gari za njia, kwa sababu wenye daladala wanalipia njia zao na wana haki ya kulindwa.

Jambo la mchango wa mafuta liandikwe waziwazi: kiwango kinachojulikana, kisichohesabiwa kuwa nauli. Hilo likiandikwa nitaacha kupokea mafenesi. Na kabla ya lolote, ofisi yako ikae na watu wa bima, wabuni kinga ndogo ya msimu kwa wanaokaa nyuma. Hapa ndipo naona mtapata ugumu, na hapa ndipo ningeomba msikate tamaa mapema. Bila kinga hiyo, kibali kitabaki kuwa karatasi ya kumwonyesha askari.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 543,441 katika kisiwa hiki. Barabara kuu zinatengenezwa na tunashukuru, lakini wengi wetu hatuishi barabara kuu. Tunaishi mwisho wa njia ya udongo, ambako chombo chenye magurudumu manne ni kimoja au hakipo.

Ukituma watu wako, wasije mwezi mkavu. Waje karafuu ikiwa majamvini na mvua inatishia, wapande nyuma, siyo mbele na wazee, tuwapeleke shambani na kuwarudisha. Majibu yako, Mheshimiwa, naomba yapelekwe ofisi ya sheha yakabandikwe ukutani. Ukiyatuma kwangu, wenzangu wataniuliza nimeandikiana nini na serikali kuhusu gari yao.

Wako mtiifu,
Mwenye pikapu,
Mtambwe, Wete, Pemba.